Picha za vito vya fedha kwa maombi ya maonyesho ya ufundi Marekani: waamuzi wanatazama nini?

Sonara_Mvita (Minneapolis)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Mimi ni sonara niliyejifunza kazi Mombasa katika karakana ya baba yangu, na sasa ninaishi Minneapolis, ambako ninatengeneza pete, bangili, vipuli na vidani vya fedha kwa mkono. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni ya waya mwembamba uliosokotwa na kuchomelewa, na baadhi ya vipande vimepachikwa mawe ya tanzanaiti au tsavoraiti. Hadi sasa nimekuwa nikiuza nje ya msikiti siku za Idi, katika harusi, na katika masoko ya Jumamosi ambayo kila anayelipia meza hupewa nafasi. Mwaka huu nimeamua kuomba yale maonyesho ya ufundi yanayochuja waombaji kwa jopo la waamuzi, nikianza na ya hapa jimboni, huku nikiwa na tamaa ya kufika siku moja Cherry Creek kule Denver au maonyesho ya Smithsonian kule Washington.

Wanaoyafahamu maonyesho ya aina hii wanajua kwamba waamuzi hawakishiki kito mkononi. Wanaona picha tu, mara nyingi nne au tano, mojawapo ikiwa ya banda, na jina la mwombaji huwa limefichwa. Ada ya maombi hairudishwi hata ukikataliwa. Kwa hiyo picha ndizo zinazonisemea, na hapo ndipo ninapokwama. Wateja wangu wa Instagram wanazipenda picha ninazopiga pete ikiwa juu ya kanga, juu ya kifuu cha nazi, au kwenye kiganja cha binti yangu. Lakini nikizipanga pamoja kama waamuzi watakavyoziona, haionekani kabisa kwamba zimetoka kwa fundi mmoja. Tena fedha iliyong'arishwa inaonyesha simu yangu, vidole vyangu na dirisha zima la jikoni. Nikipunguza mwanga, waya unapotelea katika weusi. Nikiuongeza, sehemu za juu zinakuwa nyeupe tupu zisizo na umbo.

Ninaomba mnieleze kama mandharinyuma inapaswa kuwa nyeupe, nyeusi au ya kijivu. Kama simu nzuri inatosha au nitafute kamera na lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Kama ni busara kumvisha mtu kidani ili waamuzi waone kinavyokaa shingoni. Na picha ya banda nitaitoa wapi, ilhali hadi leo nimekuwa mtu wa meza moja na kitambaa. Mwenye uzoefu asione haya kuniambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba nimlipe mpiga picha na kuachana na jambo hili.

PichaTaratibu (Baltimore)

Wa aleikum salaam, dada. Kupiga picha za bidhaa na za kazi za mikono ndiyo riziki yangu, na vito ndivyo vinavyonichukulia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Nitaanza na tatizo la fedha, kwa sababu swali la simu au kamera halina maana kabla hilo halijatatuliwa.

Fedha iliyong'arishwa ni kioo. Unachokiona kwenye picha ya pete ni taswira ya vitu vilivyoizunguka, kwa hiyo jiulize pete inatazamana na nini kabla ya kujiuliza utaimulika vipi. Ukiiweka chini ya taa moja kali, inatazamana na nukta moja ya mwanga na chumba kizima cha giza, na ndiyo maana unapata weupe uliopitiliza ukipakana na weusi. Ukiizungushia kitu kipana cheupe kinachopitisha mwanga, kisha ukaweka taa nje ya kitu hicho, pete itatazamana na weupe mkubwa unaofifia taratibu. Mimi hutumia karatasi ya kunakilia michoro, ile wanayotumia wachora ramani, nikaipinda kama tao juu ya meza. Pazia jeupe lisilo na nakshi hufanya kazi ileile. Isogeze karibu na kito kadiri unavyoweza bila kuingia kwenye picha, kwa kuwa chanzo cha mwanga kinapokuwa kikubwa kuliko kito na kikawa karibu nacho, mpito kati ya mwanga na kivuli hulainika.

Wengi huishia hapo, na picha zao hufifia kwa sababu hiyo. Yale mahema madogo meupe yanayouzwa mtandaoni hukizingira kito kwa weupe kila upande, na fedha isiyoona chochote isipokuwa weupe huonekana kijivu, haina kingo, na mtu anaweza kudhani ni plastiki. Lazima uurudishe weusi kwa makusudi. Kata vipande vyembamba vya karatasi nyeusi ya manila, uvisimamishe pembeni mwa kito nje kidogo ya fremu, kisha uvisogeze polepole huku ukitazama kupitia kamera. Utaona mstari mweusi ukijitokeza kwenye ukingo wa bangili na umbo lote likisimama. Kwa kazi ya waya uliosokotwa, acha mwanga mkuu utoke ubavuni na nyuma kidogo ya kito, ili kila msokoto upate upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Kadi nyeupe iliyowekwa mbele itarudisha mwanga kidogo katika vivuli vizito. Mwanga unaotoka upande wa kamera hulaza waya wote ukaonekana kama mchoro uliochapwa. Na ili simu yako isionekane kwenye pete, toboa karatasi nyeupe tundu la kutosha lenzi tu, uiweke mbele ya kamera, upige picha kupitia tundu hilo.

Mawe yana masharti yake. Tanzanaiti huonekana ya buluu zaidi katika mwanga wa mchana na ya zambarau zaidi chini ya balbu za manjano, kwa hiyo aina ya taa unayochagua ndiyo inayoamua rangi atakayoiona mwamuzi. Tumia taa za aina moja tu, zenye mwanga unaokaribia ule wa mchana, yaani kati ya Kelvini 5000 na 5600, na zenye kipimo cha CRI, yaani cha usahihi wa rangi chini ya taa, cha 95 au zaidi kama utazipata. Funga mapazia na uzime taa ya chumba, kwa sababu dirisha upande mmoja na balbu upande mwingine huipa fedha rangi mbili ambazo hakuna programu itakayozitenganisha vizuri. Piga picha moja yenye kadi ya kijivu karibu na kito, uitumie kusawazisha rangi za picha zote za kikao hicho. Jiwe lililokatwa pande nyingi halichangamki chini ya mwanga laini peke yake. Baada ya kupanga mwanga mkuu, ongeza kitochi kidogo kutoka juu, kwa mbali, hadi pande zake ziwake.

Sasa kuhusu simu. Simu ya siku hizi inatosha kwa ukubwa wa faili unaohitajika, lakini ina mitego. Ukiisogeza karibu sana, simu nyingi huhamia zenyewe kwenye lenzi pana, na lenzi pana huivimbisha sehemu ya mbele ya pete, tena kivuli cha simu huangukia kazi. Rudi nyuma, utumie lenzi ya kukuza ya mara mbili au mara tatu, uifunge simu kwenye stendi, ubonyeze kwa muda mahali unapotaka pawe dhahiri ili ulengaji na mwangaza vifungwe, na utumie kipima muda ili usiitikise. Usiguse kabisa ile hali inayofifisha nyuma kwa hesabu za programu, kwani haielewi waya mwembamba na hukata ncha za vishikio vya jiwe. Ukipata kamera na lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na tundu la lenzi f/11 hadi f/16; namba ikipanda, tundu hupungua. Ukizidisha hapo, picha nzima huanza kupoteza ukali kwa sababu ya mwanga kutawanyika kwenye tundu dogo la lenzi. Kwa pete iliyoelekezwa kwenye kamera, hata f/16 huenda isitoshe kuanzia jiwe hadi nyuma ya duara. Hapo piga picha kadhaa ukisogeza mahali pa ulengaji kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu.

Mandharinyuma ninayokushauri ni ya kijivu inayoanza nyepesi chini ya kito na kuingia katika weusi kuelekea juu. Si lazima ununue karatasi maalumu yenye rangi hiyo. Chukua karatasi ya kijivu, ipinde bila kuikunja ili kusiwe na mstari wa kona, kisha uzuie mwanga usifike sehemu ya nyuma kwa kadi nyeusi. Weusi utatokea wenyewe. Fedha hupata kingo nyepesi dhidi ya nyuma nyeusi, na kivuli chake huonekana dhidi ya chini nyepesi, hivyo kito hakielei.

MfinyanziDenver

Ndugu PichaTaratibu amemaliza habari ya mwanga, nami sina la kuongeza hapo. Mimi ni mfinyanzi, lakini nimewahi kukaa katika jopo la waamuzi la maonyesho ya jimbo moja, ambalo sitalitaja, na nadhani dada Sonara atafaidika akijua upande ule wa meza ulivyo.

Kwanza, wingi. Cherry Creek uliyoitaja hupokea maombi zaidi ya 2,000 kwa nafasi zinazokaribia 250, na Smithsonian huchukua mafundi 120 tu kutoka nchi nzima. Katika maonyesho mengi kundi la vito ndilo lenye waombaji wengi kuliko yote, na waandaaji huweka kikomo ili ukumbi usijae masonara. Maana yake ni kwamba hushindani na mfinyanzi kama mimi. Unashindana na masonara wenzako, ambao wengi wao wana kazi nzuri na picha nzuri. Mwamuzi anaziona picha zako zote kwa pamoja, zikiwa zimepangwa mstari mmoja, na katika mzunguko wa kwanza anazitazama kwa sekunde chache kabla ya kutoa alama. Baadhi ya majopo hutumia alama kutoka 1 hadi 7 huku 4 ikiwa imeondolewa, ili mwamuzi asipate pa kujificha katikati.

Kutokana na hali hiyo, kitu kinachopewa alama kwa kweli ni ule mstari. Picha tatu bora na moja dhaifu huonekana kama fundi ambaye bado hajajijua, na mwamuzi mwenye mamia ya maombi mbele yake hatakaa kukutafutia udhuru. Chagua vipande vinavyozungumza lugha moja: kama nguvu yako ni waya uliosokotwa, basi waya uonekane katika vyote vinne, hata kama ile pete yako laini ya harusi ndiyo inayouzwa zaidi. Usitume pete nne, kwa maana zitaonekana kama wazo moja lililorudiwa, na usitume vitu vinne visivyojuana. Kidani kimoja kikubwa, bangili, jozi ya vipuli na pete yenye jiwe, vyote vya mkono mmoja, ni seti inayoeleweka. Weka kipande kimoja kwa kila picha. Mtu anayepanga pete kumi kwenye picha moja ili aonyeshe wingi wa kazi yake anaonyesha tu kwamba hakuweza kuchagua.

Ukishachagua, panga mstari wenyewe. Kito kinachoelekea kulia kiwe upande wa kushoto, kinachoelekea kushoto kiwe upande wa kulia, ili macho yabaki ndani. Mandharinyuma iwe ileile na mwanga utoke upande uleule katika picha zote. Ukubwa wa kito ndani ya fremu nao ulingane, jambo ambalo huleta swali la vipimo: pete na kidani vikijaza fremu sawasawa, mwamuzi hajui kipi ni kikubwa, kwa hiyo jaza kwa uangalifu sehemu ya vipimo katika fomu. Maelezo mafupi unayoruhusiwa kuandika yasieleze hisia; yaseme ulichokifanya. "Waya wa fedha uliovutwa, kusokotwa na kuchomelewa kwa mkono, mawe yamepachikwa nami" humsaidia mwamuzi anayeshuku kwamba vipande vimenunuliwa vikiwa tayari. Shaka hiyo ipo daima katika kundi la vito, kwa sababu sehemu zilizotengenezwa kiwandani ni rahisi kupatikana.

Kuhusu rangi ya nyuma ninatofautiana kidogo na mwenzangu. Kijivu kinachoingia weusi ni salama, lakini kimeenea kiasi kwamba waamuzi wengine wamekichoka, na nimeona seti za nyuma nyeupe zilizopata alama za juu kwa sababu zilikuwa safi na tulivu. Kisichosameheka ni kanga, kifuu cha nazi, mchanga, maua na jani la mgomba. Vitu hivyo vinauza kwenye Instagram kwa kuwa mteja anataka hadithi. Mwamuzi anataka kuona kiungo kilivyochomelewa.

PichaTaratibu (Baltimore)

Nyeupe inawezekana, ndugu yangu, lakini kwa fedha iliyong'arishwa inahitaji mkono uliozoea, kwa sababu kito cheupe juu ya weupe hupoteza kingo zake haraka. Kwa dhahabu au kwa fedha iliyotiwa weusi nisingepinga. Kwa anayeanza na fedha ing'aayo, nabaki na kijivu.

Sonara_Mvita (Minneapolis)

Nawashukuru sana, kaka zangu. Nimejaribu tao la karatasi na vipande vyeusi vya manila, na kwa mara ya kwanza bangili imeonekana kuwa na mviringo. Kuna mambo mawili bado yananisumbua. Nikikuza picha kwenye kompyuta naona vumbi, alama za vidole na ule unga mweupe wa dawa ya kung'arishia uliobaki ndani ya misokoto, ambao kwa macho hauonekani kabisa. Pia pete haikubali kusimama. Je, inaruhusiwa kusafisha hayo kwenye programu, au ni udanganyifu?

ShangaZaArusha

Dada Sonara, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, salamu zangu zikufikie. Mimi ninashona shanga hapa Arusha pamoja na kikundi cha akina mama, na tumewahi kutuma maombi kwenye International Folk Art Market ya Santa Fe, lile soko lililoanza 2004 na linalofanyika New Mexico mwezi Julai na ambalo hupokea mafundi kutoka nchi nyingi, wakiwemo wa kwetu. Masharti ya soko lile si sawasawa na ya maonyesho mnayoyajadili, kwa kuwa wao wanataka pia kujua jamii na asili ya kazi, lakini shida ya picha ni ileile.

Shanga zetu ni za kioo, na kila ushanga unabeba nukta yake ya mwanga. Ukipiga ukosi wa Kimaasai chini ya jua la saa sita, unapata maelfu ya nukta nyeupe na rangi zote zinachujuka. Tulichogundua ni kwamba kivuli cha baraza, asubuhi, upande usiopigwa na jua, kinatoa mwanga mzuri kuliko taa zetu zote, mradi ukuta ulio mbele yake usiwe na rangi kali. Ukuta wetu ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na ukosi mweupe ukatoka kijani. Tulitundika shuka jeupe ukutani, na tatizo likaisha.

Kuhusu kumvisha mtu, maoni yangu yanaweza kuwa tofauti na ya mafundi wa fedha. Ukosi mpana uliolazwa juu ya karatasi huonekana kama sahani. Umbo lake linajulikana unapokaa mabegani. Kwa hiyo sisi tuliweka picha moja ya ukosi ukiwa umevaliwa, tukiwa tumekata picha kuanzia chini ya midomo hadi juu ya kifua, nguo nyeusi isiyo na nakshi, hakuna herini wala kito kingine. Uso unaiba macho. Mtu akiwa mrembo, mtazamaji atamkumbuka yeye na kusahau kazi. Kama vidani vyako ni vyembamba na vinaning'inia tu, sioni sababu ya kumhangaisha binti yako.

Unga mweupe uutoe kwenye kito chenyewe. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa mtoto, kisha ukikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Baada ya hapo usikiguse bila glavu za pamba.

PichaTaratibu (Baltimore)

Mama wa Arusha amesema sahihi, na kanuni yangu ni hiyohiyo: kinachoweza kusafishwa mezani kisipelekwe kwenye kompyuta. Bomba dogo la kupulizia vumbi na brashi laini viwe karibu nawe, na upulize kabla ya kila picha, kwa sababu vumbi hurudi ukiwa unatazama. Kilichobaki baada ya hapo, yaani chembe moja au mbili au doa kwenye karatasi ya nyuma, futa bila wasiwasi. Udanganyifu unaanza pale unapogusa kazi yenyewe: kunyoosha waya uliopinda, kuongeza mng'ao wa jiwe, kuziba tundu la uchomeleaji. Picha ya pete ikikuzwa kwenye skrini kubwa, mkwaruzo usiouona kwa macho unakuwa mrefu kama kidole, na kishawishi cha kuufuta ni kikubwa. Lakini dawa yake ni kurudi kwenye meza ya sonara na kuung'arisha. Maonyesho mengi hupitia mabanda siku ya kwanza kulinganisha kazi iliyopo na picha zilizotumwa.

Pete isimamishe kwa kipande kidogo cha nta laini, ile wanayotumia makumbusho kushikiza vyombo rafuni, ukiificha nyuma ya duara. Usitumie gundi wala plastisini ya watoto, kwani huacha mafuta juu ya fedha. Vipuli vinavyoning'inia vitundike kwenye uzi mwembamba wa kuvulia samaki, na uzi huo ndio unaoweza kuufuta baadaye kwa amani. Kama kivuli chini ya kito ni kizito mno, weka kito juu ya kioo kinachopenyeza mwanga, kilichopandishwa sentimita kadhaa kutoka kwenye karatasi; kivuli kitasambaa.

Kwa faili, maombi mengi hupitia ZAPP, mfumo wa mtandaoni wa kupokea maombi ya maonyesho, ambao kwa sasa unapokea JPEG isiyopungua pikseli 1400 upande mrefu na isiyozidi megabaiti 5, katika sRGB, yaani nafasi ya rangi inayotumiwa na skrini nyingi. Utakutana na maelekezo ya zamani yanayosema picha iwe mraba wa pikseli 1920 na pembeni ijazwe weusi; yalikuwa ya wakati wake. Hata hivyo soma ukurasa wa kila maonyesho unayoomba, maana wengine wana mifumo yao. Usiruke suala la sRGB: picha iliyohifadhiwa katika nafasi nyingine ya rangi inaweza kuonekana imepauka kwenye skrini ya mwamuzi, na tanzanaiti yako ndiyo itakayoumia kwanza. Kisha punguza picha zote nne hadi ziwe ndogo kama stempu, uzipange mstari, na uzitazame ukiwa umesimama mbali na kompyuta. Kama huwezi kutambua ni kito gani, fremu yako ina nafasi tupu nyingi mno.

MfinyanziDenver

Nilisahau swali la banda, na waombaji wapya huliacha hadi usiku wa mwisho. Mwamuzi anatazama picha hiyo ili ajue kama una kazi ya kutosha kulijaza eneo, kama maonyesho yatapendeza ukiwemo, na kama vitu vilivyomo ni vilevile vya kwenye picha nyingine. Hakuna anayejali kama ilipigwa kwenye maonyesho halisi. Azima au kodi hema jeupe la futi 10 kwa 10, ambao ndio ukubwa wa kawaida, ulisimamishe uani au kwenye maegesho siku ya mawingu. Hema lisiwe la rangi, kwa sababu turubai jekundu au la buluu hupaka rangi hiyo kila kitu kilicho chini yake. Panga meza na visanduku vya kioo kwa urefu wa kiuno au zaidi, funika hadi chini kwa kitambaa kimoja cha rangi tulivu, na uondoe kiti, mikoba, chupa ya maji, vibandiko vya bei na mashine ya kadi. Simama nje kidogo upande wa kona ili kuta zote tatu zionekane.

Shida ya masonara ni kwamba vito havionekani kutoka umbali huo, na banda huonekana tupu. Ndiyo maana wengi hutundika ukutani picha mbili au tatu kubwa za kazi zao. Utakuwa na picha hizo tayari, kwa hiyo zichapishe, ila hakikisha maonyesho unayoomba hayakatazi. Jina lako, bango la duka na sura yako visionekane popote, kwa kuwa uamuzi ni wa siri na picha yenye jina inaweza kuondolewa. Jina la faili nalo lisiwe na jina lako.

Sonara_Mvita (Minneapolis)

Hilo la jina limenishtua kidogo, kwa sababu kila pete yangu ina muhuri wa karakana uliogongwa ndani ya duara, karibu na alama ya 925. Katika picha niliyoipiga jana unasomeka wazi.

PichaTaratibu (Baltimore)

Alama ya 925 iache, hiyo inaeleza kiwango cha fedha na haimtaji mtu. Geuza pete hadi muhuri wa karakana uangalie upande wa nyuma, au uinue kamera kidogo ili ukingo wa mbele wa duara uufunike. Usiufute kwenye programu, kwani alama hiyo ni sehemu ya kazi. Piga upya picha hiyo moja tu, lakini rudisha taa, karatasi na kadi palepale zilipokuwa kwa zile tatu nyingine; kama hukuweka alama za utepe mezani kuonyesha mahali pake, itakubidi uzipige zote nne tena.

Sonara_Mvita (Minneapolis)

Sikuweka. Basi nitazipiga zote nne tena Jumapili, na safari hii nitabandika utepe mezani kabla ya kuwasha taa.